Kuchomoa Kidole Gumba Hakufungui Pingu

Katika filamu za mapambano lipo tukio ambalo karibu kila mtazamaji amewahi kuliona: shujaa ametiwa pingu na kufungwa kwenye bomba, walinzi wamempa mgongo, naye anauma meno, anakikandamiza kidole gumba chake hadi mlio wa mfupa unasikika, kisha mkono unateleza kutoka kwenye chuma. Muda mfupi baadaye mkono huohuo unapiga ngumi na kushika usukani. Tukio hili limerudiwa mno, kwenye vibanda vya video vya Kisauni hapa Mombasa na kwenye simu za abiria wa matatu za Bamburi, hata wengi wakaliamini kuwa ni elimu ya mwili wa binadamu. Mkono haujaumbwa hivyo, wala pingu hazikutengenezwa hivyo. Imani hii, zaidi ya hayo, ina madhara hata kwa mtu ambaye hatatiwa pingu maishani mwake, kwa sababu inamfundisha kwamba kidole gumba kikichomoka hurudishwa kwa kuvutwa na kazi ikaendelea. Wanaolipa gharama yake ni watu wanaoishi kwa mikono, kuanzia makuli wa Kilindini hadi washonaji wa Mji wa Kale.

Mkono una mifupa 27. Minane ni midogo, imepangana kwenye kifundo cha mkono. Mitano mirefu inajenga kiganja. Na 14 iliyobaki ni pingili za vidole. Kila kidole kina pingili tatu isipokuwa kidole gumba, chenye mbili. Kidole gumba kwa hiyo kina viungo vitatu: cha karibu na ukucha, cha katikati ambapo pingili inakutana na mfupa wa kiganja, na cha shina, chini kabisa karibu na kifundo, ambapo mfupa huo wa kiganja umekalia mfupa mdogo uitwao trapeziamu. Kiungo cha shina kina umbo la tandiko: mfupa mmoja umemkalia mwenzake kama mpandaji aliyekaa juu ya tandiko la punda, akaweza kuinama mbele, nyuma na pembeni bila kuanguka. Umbo hilo ndilo linalokiwezesha kidole gumba kuvuka kiganja na kukutana na ncha za vidole vingine. Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa, kidole cha pili waliyemkusudia ni gumba, kwani bila yeye mkono unaweza kupapasa na kuning'inia lakini hauwezi kubana.

Msomaji anaweza kulichunguza jambo lenyewe kwa mkono wake mwenyewe, bila kujiumiza. Akilaze kidole gumba ndani ya kiganja, kielekee shina la kidole cha mwisho, kisha akizungushie kifundo cha mkono huo vidole vya mkono wa pili na kuvisogeza polepole kuelekea kwenye kucha. Mwanzo vitapita kwa urahisi. Baada ya hapo vitakutana na kizuizi cha kwanza, ambacho ni uvimbe wa shina la kidole gumba: mifupa ya kiungo cha tandiko pamoja na mnofu wa misuli unaoifunika. Atakayekivuka kizuizi hicho atakutana na cha pili, ambacho ni safu ya vifundo vinne vya vidole. Kwa mwanamume wa kawaida upana wa safu hiyo ni kama sentimita 8 au 9, ilhali kifundo cha mkono wake ni kama sentimita 6. Sehemu ya kidole gumba inayochomolewa kwenye filamu haimo katika vizuizi hivi. Imekwishalala kiganjani, haizuii chochote, na mkono umekwisha kuwa mwembamba kadiri unavyoweza kuwa bila madhara. Kilichobaki ni mifupa ya kiganja iliyofungamana kwa kano ngumu. Ile ya kidole cha shahada na cha kati haisogei karibu hata kidogo, na ile miwili ya mwisho husogea kidogo tu.

Hebu sasa tuchukulie kwamba mtu amekitegua kiungo kimojawapo kwa makusudi. Akitegua kile cha katikati, mara nyingi pingili huruka na kupanda juu ya mgongo wa mfupa wa kiganja. Mahali palipokuwa na unene wa mfupa mmoja sasa pana mifupa miwili iliyopandana, kwa hiyo mkono umeongezeka unene. Akijaribu kutegua cha shina atakutana na ugumu mkubwa zaidi, kwa sababu kano zake ni imara kiasi kwamba kuteguka bila kuvunjika mfupa ni nadra. Mwaka 1882 daktari mpasuaji wa Ireland, Edward Hallaran Bennett, alieleza mvunjiko ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake: kipande kidogo cha mfupa hubaki mahali pake kikishikiliwa na kano, na sehemu kubwa iliyobaki huvutwa na misuli kuelekea kifundoni na kwa nje. Hapo ndipo pingu inapokaa. Mfupa uliovunjwa ili mkono upite unahamia pale hasa ambapo chuma kinauzuia.

Hatujagusa bado uvimbe. Kano ikikatika, damu na majimaji hujaa kuzunguka kiungo ndani ya dakika chache, na misuli iliyo karibu hukaza yenyewe ili kukilinda kiungo kisisogezwe. Mwenye mkono hana uwezo wa kuiamuru ilegee. Watu husema pia kwamba kuuvunja mfupa huufanya upite, lakini mfupa uliovunjika haupungui ukubwa. Vipande vyote vimo ndani, pamoja na mnofu, ngozi na damu iliyomwagika.

Imani hii ina chembe ya ukweli, na ni haki ichambuliwe. Wapo watu waliowahi kutoa mikono yao kwenye pingu. Walioweza ni wale ambao pingu zao zilifungwa zikiwa zimelegea, au wenye viganja vyembamba vinavyokaribiana kwa upana na kifundo, na jasho au maji yakasaidia kuteleza. Hakuna kiungo kilichochomolewa hapo. Wapo pia watu wachache waliozaliwa na viungo vyenye kulegea kupita kawaida. Madaktari huwapima kwa kipimo cha alama tisa kiitwacho kipimo cha Beighton, ambacho miongoni mwa majaribio yake ni kuangalia kama kidole gumba kinaweza kulazwa hadi kikaugusa mkono upande wa ndani, juu ya kifundo. Mtu wa aina hiyo anaweza kukitoa kiungo mahali pake na kukirudisha bila maumivu makubwa, na mara nyingi yeye ndiye anayeonyeshwa kuwa ushahidi. Ila kano zake hazikufunga viungo vyake vizuri tangu mwanzo, na wengi wa aina yake huteseka kwa maumivu na kuteguka kusikotakiwa. Wanasarakasi tunaowaona wakitumbuiza kwenye hoteli za Nyali na Diani ni jambo jingine: wepesi wao umejengwa kwa mazoezi ya miaka, na mazoezi hayo yanawafundisha kukilinda kiungo, kisifike mahali pa kuteguka.

Chanzo kingine cha imani hii ni sifa za wana mazingaombwe, hasa Harry Houdini, aliyezaliwa Budapest mwaka 1874 na kufariki Detroit tarehe 31 Oktoba 1926. Watu wengi wanadhani alikuwa akichomoa viungo vyake. Ujuzi wake mkubwa ulikuwa kwenye makufuli. Aliyachunguza kwa undani, alijua kwamba pingu nyingi za zama zake zilizotengenezwa kwa muundo mmoja zilifunguliwa na ufunguo mmoja, na alikuwa hodari wa kuficha vifaa mwilini. Onyesho lake mashuhuri la tarehe 17 Machi 1904, katika ukumbi wa Hippodrome mjini London, linaeleza mengi. Gazeti la Daily Mirror lilimletea pingu iliyotengenezwa maalumu na fundi wa Birmingham. Katikati ya onyesho, mbele ya maelfu ya watazamaji, Houdini aliomba afunguliwe kwa muda ili avue koti. Mwakilishi wa gazeti akakataa, kwa hoja kwamba Houdini alikuwa ameona pingu ikifungwa lakini hajaona ikifunguliwa. Basi akatoa kijisu mfukoni, akakifungua kwa meno, akalikatakata koti lake hadi likamtoka. Alijinasua baada ya zaidi ya saa moja. Ubishani kuhusu njia aliyoitumia unaendelea hadi leo, lakini aliyekataa kuifungua ile pingu alijua vizuri kilichokuwa mashindanoni, nacho ni kufuli. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi juu ya kidole gumba cha Houdini.

Pingu zenyewe zimebadilika, na badiliko hilo lina maana kwa hoja yetu. Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, ilipogeuzwa gereza mwaka 1895, kazi iliyoendelea nayo hadi 1958, polisi wa Uingereza walikuwa bado wanatumia pingu nzito zenye tundu la ukubwa usiobadilika. Aliyekuwa na mkono mwembamba angeweza kuponyoka, na kwa aliyekuwa na mkono mnene zilibana. Nchini Marekani W. V. Adams alikuwa amekwisha kupata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya pingu yenye meno mwaka 1862, ambayo hufungwa kufuata unene wa mkono wa kila mtu. Mwaka 1912 ikaja hataza ya pingu ambayo mkono wake wa chuma huzunguka na kupita moja kwa moja. Muundo huo ndio uliozaa pingu nyingi zinazotumika leo. Kwa kuwa pingu ya meno hufuata kifundo chenyewe, ile nafasi iliyowasaidia wenye mikono myembamba imeondoka.

Meno hayo yana hatari yake. Yanaruhusu chuma kusogea upande mmoja tu, wa kubana. Mtu akivutana na pingu, akianguka nayo au akiikalia ndani ya gari, inazidi kukaza. Kwa sababu hiyo pingu nyingi zina kufuli ya pili inayozuia meno yasiendelee kusogea, na askari aliyefunzwa vizuri huifunga kufuli hiyo baada ya kuhakikisha kwamba ncha ya kidole inapita kati ya chuma na ngozi. Hatua hiyo ni ya sekunde chache tu, na ikirukwa mtu anaweza kubaki na ganzi kwa miezi.

Ganzi hiyo hutokea hivi. Upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kuna tawi la neva linalopita chini ya ngozi likiwa halina mnofu wowote wa kulikinga. Kazi yake ni kupeleka hisia za mgongo wa mkono, hasa eneo lililo kati ya kidole gumba na cha shahada. Chuma kikiligandamiza dhidi ya mfupa, eneo hilo hufa ganzi, huwasha, au huchoma mithili ya pilipili. Mwaka 1932 daktari Robert Wartenberg aliandika juu ya maradhi ya neva hii, na kubanwa kwake na pingu ni jambo linalojulikana vyema katika utabibu. Mara nyingi hisia hurudi baada ya wiki au miezi, ila si kwa kila mtu. Anayejaribu kukichomoa kidole gumba ndani ya pingu kwa hiyo anajiletea mambo matatu kwa pamoja: anaumiza kiungo, anakaza chuma, na anaisaga neva iliyo chini yake.

Sheria nayo inahusika hapa. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinasema kwamba mtu aliyekamatwa asizuiwe zaidi ya kiasi kinachohitajika ili asitoroke. Pingu inayokata ngozi na kuua hisia imepita kiasi hicho. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inakataza mateso na ukatili, na kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa pale saa hizo zinapokwisha wakati mahakama haiko kazini. Upande wa pili, kutoroka kutoka mikononi mwa polisi baada ya kukamatwa kihalali ni kosa linalojitegemea chini ya kifungu cha 123 cha Kanuni ya Adhabu, hata kama mshukiwa angeshinda kesi ya mwanzo. Aliyeumizwa na pingu ana njia iliyo bora: amweleze askari wazi kwamba pingu inabana na mkono unakufa ganzi, amweleze hakimu siku ya kwanza anapofikishwa mbele yake, na aombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari wakati alama bado zinaonekana. Alama za ngozi hufifia kwa siku chache na ganzi haionekani kwa macho, kwa hiyo daktari anapaswa kuelezwa ni eneo gani hasa la mkono lisilohisi, ili alipime na kuliandika.

Tuache pingu sasa, tuangalie kidole gumba cha siku zote, kwa sababu hapa ndipo imani ya filamu inapoumiza watu wengi zaidi. Chukua mfano wa mwendeshaji bodaboda anayeteleza kwenye mchanga wa barabara ya Mtwapa. Anaanguka akiwa bado ameshika usukani, na usukani unakisukuma kidole gumba kwa nje, mbali na vidole vingine. Kano ya upande wa ndani wa kiungo cha katikati inakatika. Golikipa anayepigwa na mpira kwenye ncha ya kidole hupata jeraha hilohilo. Mwaka 1955 daktari C. S. Campbell alilieleza baada ya kuliona kwa watunzaji wa mashamba ya kuwindia ya Scotland, ambao kano hiyo ililegea polepole kutokana na kazi ya kuvunja shingo za sungura kwa mikono. Uvimbe unapopungua, bodaboda wetu anaona amepona. Baadaye anagundua kwamba hawezi kuzungusha ufunguo wa pikipiki, hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji, na noti anayopewa na abiria inamponyoka. Kila anapobana, kidole kinakimbia kwa nje.

Daktari anayelishuku jeraha hilo hukikunja kiungo kidogo, akakisukuma kidole kwa nje taratibu, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye mkono mzima ili alinganishe. Kwenye mkono mzima anahisi mahali ambapo kidole kinagota na kukataa kuendelea. Kwenye mkono wenye kano iliyokatika kabisa, kidole kinaendelea tu. Mwaka 1962 Bertil Stener, daktari wa Sweden, alionyesha kwa nini nyingi za kano hizi haziungi zenyewe: ncha iliyokatika hutoka na kukaa juu ya utando wa msuli wa jirani, utando huo ukawa katikati ya ncha mbili zilizotakiwa kukutana. Hapo hata plasta ya miezi sita haisaidii. Panahitajika upasuaji, na matokeo yake ni bora zaidi ukifanyika katika wiki tatu za mwanzo kuliko baada ya miezi. Kiungo kikiachwa kikilegalega hivyo kwa miaka, gegedu yake, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, husagika na maumivu huwa ya kudumu.

Hapa Pwani mtu akishtua kiungo, jambo la kwanza ni kutafutiwa mkandaji. Nyanya anayekanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto ana ujuzi wake, na kwa misuli iliyokaza mkono wake ni tiba ya kweli. Sikubaliani na wanaomdharau. Ninachoomba ni kwamba kidole gumba kilichovimba ghafla baada ya kuanguka kipigwe eksirei kwanza, kisha ndipo kikandwe, kwa kuwa vidole vya mkandaji, hata vikiwa hodari namna gani, haviwezi kuona kipande cha mfupa kilichohama. Na kama kiungo kimechomoka waziwazi, kisivutwe na yeyote aliye karibu. Upande wa kiganja wa kiungo cha katikati kuna bamba la utando mgumu lenye vifupa viwili vidogo ndani yake. Pingili ikiruka, bamba hilo huchanika, na anayekivuta kidole kwa nguvu anaweza kulinyonyea ndani ya kiungo likakwama katikati ya mifupa. Jeraha ambalo mtaalamu angelirudisha kwa kusukuma tu, bila kisu, linageuka kuwa la chumba cha upasuaji. Kinachofaa ni kukifunga kidole kisitikisike, kuvua pete kabla uvimbe haujaibana, kuweka barafu iliyofungwa kitambaani, na kwenda hospitali yenye eksirei na daktari wa mifupa, kama ile ya rufaa ya Coast General.

Lipo jeraha moja zaidi ambalo hupita kwa jina la kuteguka kidole gumba. Aliyeanguka akatanguliza kiganja huhisi maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa juu wa kifundo, kishimo kinachoonekana vizuri kidole kikinyooshwa kwa nje. Chini yake kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao damu yake huingilia upande wa mbali na kurudi nyuma, kiasi kwamba ufa wa katikati unaweza kukinyima damu kipande cha nyuma na kukifisha. Ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Daktari mwangalifu atauzuia mkono usisogee ingawa picha ni safi, na atamtaka mgonjwa arudi baada ya siku 10 hadi 14 kwa picha ya pili. Mgonjwa ambaye kishimo hicho bado kinauma akibonyezwa anapaswa kurudi siku hiyo, hata kama uvimbe umeisha na kazi inamsubiri gatini.